Karabai Dirishani, Muhoro Sandukuni

Mugisha mwanangu,

Kama unasoma maneno haya, basi umeingiza mkono chini ya mashati kuutafuta muhoro wa baba yako, na ulichoshika kwanza ni karatasi. Ni mimi niliyeuzungushia hiyo karatasi. Muhoro wenyewe niliuona juzi, ulipokwenda kuaga kwa shangazi zako, nikafungua sanduku nikuongezee sabuni. Nilizoea kuuona umetundikwa jikoni, butu, kazi yake kupogolea migomba. Sasa umeunoa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Leo nilipokuwa naupimia karatasi umenikata kidole, kwa hiyo hilo doa la pembeni usifikiri nimemwaga chai.

Sikuutoa. Wewe ni mtu mzima, na mtu mzima anayetaka panga, hata nikimnyang'anya hili atanunua jingine dukani Bukoba. Nimetaka tu kwamba kabla hujaushika ule mpini wake, unisikilize.

Unachotaka kufanya nakijua, usinifanye mjinga. Felisiani, mjomba wako, kaka yangu wa tumbo moja, ni mnyapara wa wachukuzi pale gatini Bukoba, na kesho lazima upite mbele yake ukipanda meli. Siku tulipomzika baba yako ulimrukia na kigoda mbele ya waombolezaji, ukampasua paji la uso. Walipokushika ukamwambia kwamba siku yako ya kuondoka utamalizia. Watu wakasema ni uchungu wa msiba, kijana amefiwa, mwacheni. Mimi nilikuwa nimekaa chini pale pale, nikakuangalia machoni, na macho yale nilishawahi kuyaona kwa mtu mwingine. Tangu siku ile umekuwa mpole mno, unanisalimu vizuri, unanisaidia kumenya ndizi. Upole huo ndio unaoniogopesha.

Habari za kuchemsha maji, kufua na kusali, shangazi zako wamekuambia mpaka umechoka. Mimi nitakuambia habari ya taa. Huko milimani Usambara, kwenye kazi ya kutunza mimea, unakwenda kwa sababu ya taa. Uso wa baba yako uliungua kwa taa. Na kaka yangu unataka kumkata kwa sababu ya taa ile ile. Jua bado liko juu ya migomba ya kibanja, na nataka kumaliza kabla halijazama, maana haya sitaki kuyaandika huku nimewasha kitu chochote.

Bwana Kahawa, yule Mzungu wa mimea, umemjua uzeeni, mwenye mvi, anakupa biskuti na kukufundisha majina ya Kilatini. Mimi nilimjua akiwa kijana mwenye hasira za karibu. Kazi yake ya serikali ilikuwa kukagua kahawa, na nyumba yake ilikuwa kilimani Bukoba, ziwa liko chini yake. Baba yako alikuwa mtumishi wake wa ndani. Ile mimea yake inayokula wadudu ilianzia nje, barazani. Ile midogo myekundu yenye matone ya gundi aliitoa kwenye matope ya huku huku kwetu, na ile ya vikombe ililetwa na meli kutoka mbali, kila mche katika sanduku lake la kioo. Ikaja mvua ya mawe ikaipondaponda. Iliyobaki ikaliwa na mbuzi. Bwana Kahawa alimpiga risasi yule mbuzi, akaihamishia mimea yote chumbani.

Mara ya kwanza baba yako aliponionyesha chumba kile nilirudi nyuma hadi mlangoni. Nzi ametua kwenye jani, amenasa, anapiga mabawa, na jani linamkunja taratibu kama mtu anayekunja ngumi. Asubuhi amenaswa, jioni bado anatikisa mguu. Kwenye vikombe ndiyo usiseme, mdudu anateleza ndani, anakwaruza ukuta, anaanguka, anakwaruza tena, mpaka anazama. Mtaani watu walisema Mzungu anailisha watoto wachanga. Nilimwambia baba yako aache kazi hiyo. Alicheka, akaniambia kwamba mimea ile ina adabu kuliko ndugu zangu wa Kashozi, haimfuati mtu, inakaa ikisubiri.

Chumbani hakukuwa na jua la kutosha, na Bukoba unaijua kwa mawingu. Ndipo ikaanza habari ya kuchagua taa. Kwanza waliweka chemli. Mwanga wa chemli ni wa njano na ni mdogo, mimea ikarefuka, ikawa myembamba na myeupe kwa ugonjwa, matone ya gundi yakakauka. Nzi akitua anapumzika kisha anaondoka zake. Bwana Kahawa akaagiza karabai, ile ya kupiga pampu, yenye soksi inayowaka nyeupe na kulia shii muda wote. Wakaiweka karibu, majani yakaungua kwa siku chache tu. Wakaisogeza mbali, yakapona. Wakaweka beseni la kioo lenye maji kati ya taa na mimea ili maji yanywe joto na mwanga upite. Hapo mimea ikaanza kuwa myekundu tena, na Bwana Kahawa akafurahi, akaona kama mwanga kidogo umefanya vile, mwanga mwingi utafanya maajabu. Akaamuru meza isogezwe hadi kwenye dirisha kubwa, ipate jua mchana, na karabai iwake usiku kucha. Dirisha lile lilitazama kilima kizima.

Hakuna aliyejiuliza taa ile itaita nini. Baba yako Mhaya, amezaliwa Kamachumu, anakula panzi wa senene tangu hajaota meno, naye hakujiuliza. Alikuwa anaona fahari. Watu wote wa Bukoba walikuwa wanaiona taa yake kutoka ziwani.

Mwezi wa senene ukafika.

Wewe ulikuwa mchanga, bado nakubeba. Enzi hizo mwanamke alikusanya senene, akazinyonyoa mabawa na miguu, akazikaanga, akamwekea mumewe, na yeye mwenyewe hakuonja hata moja. Ndivyo tulivyolelewa. Mume naye kwa heshima hiyo humnunulia mkewe nguo. Baba yako alikuwa ameniahidi kanga, na mimi nilitaka kanga ile, sioni haya kusema. Tulikuwa tunakaa nyuma ya nyumba ya Bwana Kahawa, kwenye vyumba vya watumishi. Kaka yangu Felisiani alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Kashozi, kijana mkorofi, mpenda pombe ya rubisi, na ni kweli alikuwa amemwomba Bwana Kahawa kazi akakataliwa. Hilo baba yako hakukudanganya.

Kulipopambazuka, ukuta wote chini ya dirisha lile ulikuwa wa kijani. Senene zimerundikana moja juu ya nyingine, zimejaa kwenye majani, kwenye ngazi, zinagonga kioo, zinaanguka. Watu walikuwa wameshaziona. Wakapanda kilima na vikapu, wanawake, wazee, wote. Bwana Kahawa tangu jana yake alikuwa amempa baba yako kiboko na amri kwamba mtu asikaribie kioo, na kwamba kikivunjika atatafuta kazi kwingine. Baba yako alikuwa amekesha na ile taa. Kioo cha pembeni kilipopasuka kwa kiwiko cha mtu, alitoka amebeba karabai ili aone, akaitundika kwenye msumari wa mlango, na kiboko mkono wa kulia.

Alianza na bibi mmoja mzee. Hakumwambia toka wala nini. Kiboko kilimpata shingoni, kikapu kikaruka, senene zikatawanyika. Wengine wakacheka, ndivyo watu walivyo. Akampiga aliyecheka mdomoni. Hapo mawe yakaanza. Jiwe likampata baba yako bega, na kuanzia hapo hakuwa anafukuza watu tena, alikuwa anapiga tu. Nilisikia kile kiboko kikiingia nyamani. Mtu mmoja alikuwa amepiga magoti anaokota meno yake, na pembeni yake mwanamke mwingine anaendelea kuokota senene, hakuinua hata kichwa.

Nikaona huyu ni mume wangu, nikimwita atasikia. Nikapenya mbele, wewe mgongoni. Nikaita, "Zakaria!"

Alinitazama. Mwanangu, nataka ulijue hili vizuri, maana kwa miaka mingi nilijaribu kujidanganya kwamba mwanga ulimpofusha au hakunitambua. Alinitazama usoni na akanijua. Kisha akanipiga.

Kile cha kwanza kilinipata begani. Na mimi nikafanya ambalo mtu yeyote hufanya akipigwa, nikageuka nikimbie. Niligeuza mgongo. Nilikuwa nimesahau uko huko.

Hilo kovu nyuma ya sikio lako la kushoto, ambapo hapaoti nywele, nilikuambia uliangukia jiwe la jikoni. Hukuangukia jiwe lolote.

Ulipiga ukelele mmoja, ukanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikotisha. Nilihisi damu ya moto inanitiririka mgongoni, nikajua si yangu. Baba yako alikuwa ameinua mkono tena. Felisiani alikuwa mlangoni. Mawe yalikuwepo kila mahali, fimbo zilikuwepo, angeweza kumkamata mkono tu, maana alikuwa na nguvu kuliko baba yako. Alichukua karabai kwa sababu ilikuwa inawaka. Aliing'oa kwenye msumari, akaizungusha, akampiga nayo usoni kwa nguvu zake zote.

Kioo kikapasuka, tangi likapasuka, mafuta yakamwagika yakiwa na moto. Baba yako akawa anawaka kuanzia nyusi hadi kifuani. Alijipiga usoni kwa mikono na mikono ikashika moto. Senene zikaufuata mwali, ndivyo zilivyo, zikawa zinaingia usoni mwake zinapasuka, na harufu ikawa ile ile ya jikoni mwetu siku ya kukaanga. Miaka mingi iliyofuata sikuweza kukaanga senene. Nikakufungua mgongoni nikakuweka kwenye majani katikati ya vikapu, unavuja damu, nikamrukia baba yako na ile kanga niliyokubebea. Nikamwangusha, nikamvingirisha kwenye nyasi za umande mpaka moto ukazimika. Ndiyo, nilimwendea yeye kwanza. Niliporudi kwako yule bibi mzee aliyepigwa shingoni alikuwa amekupakata, amekukandamiza jeraha kwa kiganja. Nisingemkuta yeye, leo nisingekuwa na mtu wa kumwandikia.

Bwana Kahawa alitoka akiwa na nguo za kulala. Jambo la kwanza aliuliza kama kioo kikubwa kimevunjika.

Nilimjibu, "Kioo ni kizima, Bwana. Kilichovunjika ni uso."

Felisiani hakukimbia. Walimkuta amekaa kwenye ngazi, viganja vyake vimeungua. Baraza likampa viboko hadharani, wakamlaza kifudifudi, nami niliitwa kushuhudia, nikaona mgongo wa kaka yangu ukichanika. Kisha akafungwa, akavunja mawe ya barabara, na alipotoka akaenda kisiwa cha Goziba kwenye kambi za wavuvi, ambako mtu haulizwi ametoka wapi. Barazani waliniuliza kwa nini alifanya vile. Baba yako alikuwa hospitali amefungwa bandeji kichwa kizima. Nikasema sijui, ni ugomvi wa wanaume. Wangejua habari ya kichwa chako pengine kaka yangu angepata nafuu. Nilichagua mume.

Baba yako alipokuwa hospitali nilikwenda kwa Bwana Kahawa nikamwambia mimi nitaitunza mimea. Akanicheka, mwanamke wa kibanjani, nikakaa tu pale mlangoni, siku ya pili akanipa ndoo. Nilikuwa naichukia mimea ile kwa moyo wangu wote. Nilikuwa natazama nzi anavyonaswa, nawaza uso wa mume wangu. Lakini tulihitaji kula, na hasira yangu niliipa kazi. Nikajifunza taa. Wewe ulikua ukitambaa chini ya zile meza na kichwa chako kimefungwa kitambaa.

Kwa hiyo hili ninalokuambia silitoi kitabuni. Huko Usambara watakuonyesha zile taa ndefu za mirija, nyeupe, zisizo na joto kama karabai, na zile za balbu za njano, na watakuuliza zipi zinafaa. Mirija ni bora, nimeiona kule hospitali. Lakini taa yoyote ile, usiiamini kwa macho. Weka mgongo wa kiganja chako pale jani lilipo, usali Baba Yetu polepole hadi amina. Ukishindwa kumaliza, taa iko karibu mno. Jani likiwa refu na jeupe, linaomba mwanga. Likiwa jekundu na lina gundi, liache, usilisumbue. Likianza ukahawia kwenye ncha, umelichoma, na usingoje kesho ndipo uisogeze taa. Halafu uizime jioni. Bwana Kahawa alidhani mmea hauchoki. Nilipoanza kuuzima mwanga baada ya chakula cha jioni, na pazia nene dirishani, ndipo vikombe vilipotoka vikubwa kama ngumi. Na kabla hujaiwasha kabisa, toka nje, usimame huko, utazame dirisha linatazama nini.

Nami nilikosea, tena kosa ambalo ni Mhaya tu anayeweza kulifanya. Senene zilipokuja mwaka uliofuata, nikasema hii mimea ni wageni waliotoka mbali, na kitu kizuri kuliko vyote tulicho nacho ni senene. Nikazichagua zilizonona, nikatia moja moja kwenye kila kikombe, na nyingine mbili tatu kwa ukarimu. Baada ya siku chache vikombe vikawa vyeusi, vikanuka mzoga, mimea ikafa kwa shibe. Bwana Kahawa alitupa vyungu ukutani kimoja baada ya kingine huku akitukana kwa Kiingereza. Mimi nilisimama namtazama. Akilini nilikuwa nawaza kwamba mmea umekula nilichokatazwa mimi tangu kuzaliwa, na umekufa bila hata kusema ahsante. Jioni ile nilikaanga zilizobaki, nikazila zote peke yangu. Zilikuwa tamu, loo! Baba yako aliponiuliza zake ziko wapi nikamwambia ziko tumboni.

Alinipiga kwa hilo. Usishtuke, alikuwa ameanza kunipiga tena tangu atoke hospitali, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umekunjamana. Alinipiga nikinuka mafuta ya taa. Alinipiga nikirudi na mshahara ambao ulikuwa wake. Siku moja alikuinulia wewe mkono, nikachukua mchi wa kinu nikampiga nao huo mkono wa kushoto, nikasikia mfupa ukivunjika. Tulikaa sakafuni wote wawili, yeye analia kwa jicho lake moja, nami nalia. Nilimfunga mkono kwa ganda la mgomba. Tangu siku hiyo hakunigusa tena vibaya mpaka ameingia kaburini, na tuliishi, Mugisha, tuliishi vizuri, aliniimbia nyimbo za kanisani nikimwagilia kahawa. Nampenda hadi leo. Sikuombi umchukie.

Ila alikuwa na ile hadithi yake, kwamba shemeji yake alimchoma kwa wivu wa kazi. Uliposhika akili alikusimulia kila ulipomuuliza habari ya uso, nami nikiwa hapo hapo nachambua maharage. Uso hakuwa nao tena, nikaona nimwachie hadithi. Sikufikiri kwamba hadithi nayo ingekua pamoja na wewe, inenepe, ije inolewe.

Felisiani si malaika. Sikuandikii ili umwone malaika. Alimchoma mtu akiwa hai, na angeweza kuchagua kitu kingine. Lakini ule mkono ulioinuliwa mara ya pili ulikuwa unashuka juu ya kichwa chako, na aliyeuzuia ni yeye, na kwa ajili hiyo alichanwa mgongo na hakuwahi kukuambia. Hata siku ile ulipomwangusha kwa kigoda, watu wakimwuliza kwa nini harudishi, hakusema.

Jana nilikuambia nakwenda Bukoba kuulizia saa ya meli. Nilipanda lori la kahawa, nikamkuta gatini amekaa juu ya magunia, paji la uso bado limevimba ulipompasua. Amezeeka. Nikamwambia Mugisha anaondoka kesho kutwa, na ameweka muhoro wa baba yake sandukuni, na ni kwa ajili yako. Nikamsihi aombe ruhusa siku hiyo, aende Kashozi, asionekane hapo mpaka meli ing'oe.

Alivitazama vile viganja vyake. Kisha akaniuliza, "Ameunoa?"

Nikamwambia ameunoa.

"Na sanduku lenyewe ni zito?"

Nikamwambia ni zito, lina vitabu. Akasema basi asiliguse mchukuzi mwingine, atalibeba yeye mwenyewe.

Nilimtukana, nikamwita mpumbavu, wachukuzi wote wakageuka. Hakubadilika. Kwa hiyo kesho tukishuka kwenye lori atakuja, atakusalimu, umjibu usimjibu, atajitwika sanduku lako kichwani na kutangulia kwenye ule ubao wa kupandia meli. Ubao ni mwembamba, nitakuwa nyuma yako na sitaweza kupita. Kama hujaufungua mzigo huu hadi uko melini, basi ameshalibeba sanduku lenye muhoro uliomnolea ndani, na unaweza kuchungulia ukingoni umwone bado amesimama gatini. Kama unasoma haya kabla, na muhoro umeshautoa, basi ujue atakuwa mbele yako, mikono yote miwili iko juu imeshika sanduku, na amekupa mgongo.

Mimi niligeuza mgongo wangu nikiwa nimekusahau. Yeye atakugeuzia wake akijua uko nyuma.

Jua limefika kwenye migomba ya chini, sioni mistari vizuri. Nasikia sauti yako njiani.

Mama yako, aliyekubeba.